Gumba la Veridiana

Ukifika stendi ya Masasi ukamuulizia Mama Rose, watakuambia: yule wa gemu, yule mwenye mdomo. Kweli, mdomo anao, tusimsingizie upole. Lakini jina lake ni Veridiana, Mmakua wa Lisekese, na kabla ya gemu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha korosho, enzi hizo viwanda bado vinanguruma. Mashine ya kubangulia ilimkata kidole gumba cha mkono wa kulia siku aliyoishika kwa pupa, akiwahi zamu iishe. Hakumlaumu mtu. Kiwanda kilipofungwa wenzake wakalia, yeye akasema, "Mimi kimeshanila kidole, na kiende zake."

Ndipo soko huria likaingia, kila mtu akawa mfanyabiashara. Huyu anauza mitumba, yule redio za betri. Veridiana akauza korosho za shamba la mama yake, akanunua televisheni na mashine ya gemu ya kaseti, ya zamani, ambayo huko ilikotengenezwa watoto walishaichoka. Masasi nani angejua? Akapanga fremu, chumba cha duka, kwa Mzee Hamidu, akachora mlangoni kwa chaki: ANAYEFUNGWA ANAPISHA. Kila asubuhi anasimama pale anapaza sauti, "Nani anafuata?" Vijana, makondakta, wapakiaji wa korosho, wote wanaingia.

Yeye mwenyewe hachezi. Pedi ya gemu, kile kidude cha kushika mikononi, imetengenezwa kwa mtu mwenye magumba mawili: la kushoto linaongoza, la kulia linapiga. "Muuza viatu havai vyote," alikuwa akijibu wakimuuliza, na kicheko juu. Lakini ilimuuma. Kupika chungu kizima, mwaka hadi mwaka, bila kuonja hata mchuzi, jamani, kunauma.

Basi akaja Bonifasi. Mngoni wa Songea, kijana wa watu, shati limenyooshwa hadi linakata, akapanga fremu ya pili ya Mzee Hamidu na kuweka mashine kama ileile, televisheni mbili. Wateja wakaanza kuvuka barabara. Na kwa kuwa Mngoni na Mmakua ni watani, Veridiana hakuweza hata kununa. Mtani akikutania unacheka. Akikunyang'anya kitu chako mbele za watu hugombi, utakikomboa baadaye kwa kuku au kwa chochote.

"Mtani!" Bonifasi anaita kutoka ng'ambo. "Babu zangu waliwakimbiza mkajificha kwenye mapango ya majabali haya. Leo nimekuja kuwamalizia!"

"Walikuja kuteka wakaishia kuoa," Veridiana anamrudishia. "Na wewe utaoa hapahapa, tena utalima."

Ikawa vicheko tu, mpaka siku Mzee Hamidu alipowaita wote wawili.

"Shikamoo, mzee," wakasema.

"Marahaba. Fremu moja naitaka, mwanangu anafungua duka la dawa. Tena kelele za gemu pande mbili siziwezi. Mmoja wenu ahame. Amueni wenyewe, sitaki lawama."

Bonifasi akatoka nje kwenye watu. "Mtani, tucheze gemu ya ngumi, kwako, kwenye mashine yako. Anayefungwa anapisha. Si umeandika mwenyewe?"

Watu wakauangalia ule mkono, halafu wakaangalia pembeni. Veridiana angekataaje sheria ya mlango wake? Fremu ile ndiyo iliyomfanya baada ya kiwanda asirudi kwao mikono mitupu. Akaiangalia chaki, akamwangalia Mngoni. "Korosho zikishaisha kupakiwa," akasema. "Anza kufunga mizigo."

Mdomo huo! Alipofika nyumbani akakaa jikoni akaogopa vizuri.

Aliyemletea dawa ni Huruma, Mmakonde wa Makote, dereva wa basi la Newala kwenda Dar. Aliikuta Kariakoo: pedi ya kampuni nyingine kabisa, haina undugu na mashine, ila plagi yake inaingia. Nene, ya kijivu, ina vitufe vya ziada. "Hii inafundishwa, Mama Rose," akamweleza. "Unaiambia ikumbuke, unabonyeza chini, mbele, ngumi. Siku nyingine unabonyeza kitufe kimoja tu, yenyewe inafanya yote."

"Kama mtoto wa shule."

"Mtoto wa shule husahau. Hii haisahau."

Ilikuwa kichwa ngumu, lo! Ukichelewa kidogo inakataa, ukiwahi inakataa. Msimu mzima Veridiana aliifundisha, kabla hajafungua fremu, ameiweka mapajani, gumba la kushoto likiongoza, na mkono wa kulia ukidonoa kwa vidole viwili kutoka juu, kama anayemenya ganda la ndani la korosho bila kuivunja. Chini, mbele, ngumi. Inakataa. Tena. Akaitukana kwa Kimakua, akaibembeleza kwa Kiswahili. Hatimaye ikajaa mafunzo, akaipa jina: Gumba Langu.

Jumamosi ya pambano fremu ilifurika. Veridiana, kujipasha moto, akamkalisha kondakta mmoja kiti cha kulia, mwenyewe kiti cha kushoto, upande wa mwenye nyumba, alikoifundishia pedi msimu mzima. Kitufe kimoja, moto ukatoka mikononi mwa mtu wake kwenye televisheni. Kitufe kingine, teke la kuzunguka. Kondakta akapisha hata jasho halijamtoka.

"Mcheza kwao hutunzwa!" wakapiga kelele.

Bonifasi akasimama, akaitazama ile pedi ya kijivu, akacheka kwa nguvu. Kisha, mbele za watu wote, akainama akaichomoa, akaichomeka upande wake. "Utani, mtani! Utakuja kuikomboa!" Akamtupia Veridiana pedi ya kawaida.

Kicheko kikakatika. Veridiana agombe? Angekuwa amevunja utani, na hapa watani ndio wanaozikana, ukivunja nani atakuzika? "Chukua," akasema. "Mngoni kuteka ni kazi yake."

Raundi ya kwanza. Bonifasi, kulia, akabonyeza kitufe. Mtu wake akarudi nyuma, akapiga ngumi hewani. Akabonyeza tena: nyuma, hewani. Watu wakaangua kicheko. Kwa hasira akamrusha mtu wake juu ya yule wa Veridiana, akatua upande wa kushoto, akabonyeza. Moto! Teke! Veridiana akaanguka raundi ile.

Na hapo akili yake ikafunguka. Aliifundisha yeye, akiwa amekaa kushoto. Pedi haijui mbele wala nyuma, inajua kulia tu. Mtu wako akisimama kushoto, mbele ni kulia, inakutii. Akisimama kulia, inamkimbiza nyuma. Kumbe dawa ni moja: Mngoni asivuke kuja kushoto.

Raundi ya pili akamrudisha mtu wake hadi mwisho wa kushoto, mgongo ukutani, akakaa. "Njoo, mtani." Bonifasi akaruka, akagonga ukuta, akarudi palepale. Nyuma ya Veridiana hapakuwa na pa kutua. Bonifasi akabonyeza kitufe, mtu wake akarudi nyuma kama aliyesahau funguo nyumbani.

Sasa na Veridiana naye ilibidi apige, na kwa pedi ya kawaida. Akailaza mapajani. Vidole viwili vikashuka kutoka juu, vyenyewe, bila kuambiwa. Chini, mbele, ngumi.

Moto ukatoka.

Akashtuka yeye kabla ya watu. Akarudia. Ukatoka. Msimu mzima amedhani anafundisha mashine! Furaha ilimpanda hadi machoni, akaacha imwagike, mikono haikusimama. Raundi ya pili yake. Raundi ya tatu Bonifasi alijaribu kuisahau ile pedi na kucheza kwa vitufe vya kawaida, na alicheza, tusimnyime haki yake, nusura amtoe ukutani. Lakini kidole chake kilizoea mteremko, kikarudi kwenye kile kitufe. Mtu wake akageuza kisigino, na Veridiana akammaliza kwa teke.

Fremu ikalipuka. Mzee Hamidu mlangoni akatikisa kichwa. "Makelele haya ndiyo nitakayobaki nayo," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Bonifasi akasimama, muungwana, akamnyooshea ile pedi kwa mikono miwili. "Nimepisha, mtani. Gumba lako hili. Unalikomboa kwa nini? Kuku?"

Veridiana akalitazama lile dude la kijivu, kisha mkono wake.

"Silikomboi," akasema. "La kwanza sikulikomboa kiwandani, nije kulikomboa hili? Nenda nalo Songea."

Miaka yote alikuwa akiita kutoka mlangoni. Safari hii hakuinuka. Akaiweka sawa pedi mapajani, akageuza shingo kuelekea watu.

"Haya," akasema. "Nani anafuata?"