Utepe Mbele ya Lango la Pembea

Harufu ya sukari inayoungua ndiyo inayonirudisha kule. Wanaizungusha ndani ya pipa la bati mpaka inakuwa kama pamba, watoto wanailamba hadi mashavu yananata. Kwangu harufu hiyo imechanganyika na ya pilau iliyopoa ndani ya sufuria iliyofungwa taulo, na ya mvua ya Agosti juu ya lami, nje ya lango la bustani ya pembea hapa Stockholm. Nje ya lango, nasema. Ndani sijaingia mpaka leo, na mji huu nimeishi zaidi ya miaka arobaini. Sikusoma sana, niliacha shule mapema nikashika ufagio, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyokumbuka, na waliofanya nitawataja.

Tulikaa Farsta, pembeni mwa mji huu, miaka ya sabini mwanzoni, mama, mimi na mdogo wangu Idi. Baba alikuja kwa mafunzo, yalipokwisha akarudi nyumbani Tanzania, akaishia huko. Idi alizaliwa na moyo mbovu. Akipanda ngazi za stesheni midomo ilikuwa bluu kama aliyekula zambarau. Daktari alisema atapasuliwa Septemba, na kwamba kabla ya hapo pembea za kasi asiziguse, ila lile gurudumu kubwa linalozunguka polepole anaweza kupanda, mradi afikie kimo. Pale langoni palikuwa na ubao wenye mstari mwekundu, asiyeufikia hapandi. Mama alienda akaupima kwa uzi, akauchora mstari huohuo kwenye mlango wa chumba chetu. Kila asubuhi majira yale ya baridi Idi alijipima kwenye mstari ule kabla hata ya kunawa uso. "Dada Rukia, tazama, bado kidole?" Bado kidole. Bado nusu kidole. Mwezi wa tano akaufikia, akapiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga bomba la joto.

Basi mama angemshika mkono Jumapili ile ile wakaenda. Treni moja na boti moja, hakuna zaidi. Lakini sisi watu wetu hatuendi mahali bila kamati. Ilikuwepo kamati ya safari ya watoto, Watanzania na Wakenya, na ilikutana sebuleni kwetu kila Jumamosi. Chini yake kamati ya chakula, kamati ya nidhamu, kamati ya sare. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mapunda, aliyekuja kusomea umeme akabaki kusomea vikao. Katibu alikuwa Bwana Otieno, Mkenya, mtu wa vichekesho, hakuna kikao alichokosa wala uamuzi alioupinga. Mama alipoomba ampeleke Idi mapema, Mzee Mapunda alivua miwani. "Mama Rukia, watoto ni wetu sote. Ukimpeleka wako peke yake, wa wenzio watajisikiaje?" Mama akasema mtoto anasubiri kupasuliwa. "Ndiyo maana tunataka aende kwa heshima," akajibu mzee. Mama akanyamaza. Na yeye namtaja. Nilimpenda mama yangu, lakini alinyamaza.

Kwa nini isiwe Juni? Kwa sababu mgeni rasmi alikuwa safarini. Alikuwa mkubwa mmoja wa kwetu, wa ubalozini, na safari ya watoto ilibidi ifunguliwe na mtu. Julai akawa likizoni. Ikabaki Jumapili ya mwisho ya Agosti. Tulifika saa nne asubuhi, watoto kumi na tisa, mashati meupe, kaptura na sketi za bluu, wimbo wa kumpokea mgeni tumeukariri. Mzee Mapunda akatoa mfukoni utepe mwekundu, akawasimamisha watoto wawili waushike, huku na huku, nje ya lango la watu. Waswidi walikuwa wanainama chini yake wapite na watoto wao. Bibi mmoja akauliza kama ni harusi. Mlinzi akatuambia tusogee pembeni, tukasogea na utepe wetu. Bwana Otieno akaenda kibanda cha simu, akarudi. "Yuko njiani, watoto wazuri. Hata malkia husubiriwa." Akaenda tena, akarudi. "Amekaribia sana huyu." Mvua ikaanza. Tukala pilau tumesimama. Ndani watu walikuwa wanapiga mayowe ya raha, na gurudumu lilikuwa linaonekana juu ya ukuta, linakwenda, linakwenda.

Mama wa Kisukuma mmoja akasema, "Mzee, waingie tu, mgeni atawakuta ndani." Mzee akamtazama kama aliyetukana. "Akute tumeshafungua? Nitamweleza nini?"

Idi hakulia. Alimfuata mlinzi, akamwomba kwa Kiswidi asimame tu kwenye ule ubao. Mlinzi akamruhusu. Akavua viatu ili asidanganye. Akarudi soksi zimelowa, anacheka. "Dada, nimepita. Nimepita kidole kizima." Saa kumi simu ikapokelewa na mke wa mgeni, kwamba bwana amelala, alichoka. Mzee Mapunda akaukunja utepe vizuri, akasema safari imeahirishwa.

Idi alipasuliwa wiki ya pili ya Septemba. Hakuamka. Ikaundwa kamati ya mazishi, na hiyo ilifanya kazi sawasawa, hakuna kilichopungua. Mgeni rasmi alikuja. Alifika mapema kuliko sisi, akaketi mbele, akasema maneno mazuri juu ya mtoto ambaye hakuwahi kumwona.

Wote wale wamekufa sasa, na mama pia. Wa nyumba ile nimebaki mimi. Mlango ule wa mstari, wenye nyumba waliupaka rangi. Binti yangu ni muuguzi kule Flemingsberg, na tangu mwaka jana anapanga kuwapeleka wanawe kwenye bustani kubwa ya pembea, nchi ya mbali, siku saba. Meza yake imejaa karatasi. Aliniuliza, "Mama, usumbufu wote huu unafaa kweli?" Nikamwambia, wapeleke kesho, popote, hata hapo kisiwani, kwenye bustani ile ile. Akacheka. "Mama, mambo hayaendi hivyo. Lazima tuwasubiri kina shangazi yao, wataudhika." Tarehe ya kwanza imeshakatwa kwenye kalenda. Ya pili ilikatwa juzi. Sasa hivi watoto wana miguu mizima na mioyo mizima, ndiyo, lakini nani alinipa mimi hati ya mioyo ya watu?

Jana mjukuu wangu, ana miaka minane, alikuja jikoni akaniuliza kwa Kiswidi, bibi, ni lini? Mama yake alikuwa mlangoni anasikiliza. Jibu nilikuwa nalo. Nikaendelea kuosha vyombo.