Wageni wa Mwanajuma

Mimi si mtu wa kuchekacheka, lakini hili la juzi nalieleza mwenyewe kabla majirani hawajalitia chumvi.

Mjukuu wangu Mwanajuma nimemlea tangu mamake alipofariki. Alisomea mambo ya lishe na malezi chuo kikuu, na sasa hapa Msambweni anawafundisha kina mama kuwapikia watoto. Juzi alikuwa kazini, wakaja wageni: mama wa makamo aliyejitanda vizuri, na kijana aliyevaa koti. Walikuwa wameniletea leso mpya. Wakauliza Mwanajuma alilelewa vipi, na kama ameshaolewa.

Nikajua ni posa. Nikamgeukia kijana.

"Waswali wewe?"

"Naswali, bibi."

"Kazi yako?"

"Napiga picha."

"Hiyo nayo ni kazi?"

Yule mama akataka kusema, nikamkata. "Wazee wake wako wapi? Tangu lini mshenga akaja na bwana harusi mkononi?"

Kijana akatokwa na jasho. Nami sijui nilipatwa na nini, nikawasukumia leso yao. "Leso yenu chukueni. Simtoi. Nikimtoa huyu, nitabaki na nani?"

"Bibi," mama akasema taratibu, "mimi nilikuwa mwalimu wake. Tunakusanya habari za wanafunzi wetu waliohitimu, tuziandike kwenye jarida la idara."

Nikauficha uso kwa mtandio. Nilipoufunua, Mwanajuma alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama mlangoni, machozi yakimtoka. Kumbe alinisikia niliposema nitabaki na nani; maneno yale sikuwahi kumwambia.