Dakika Ishirini za Mzee Mansuri

Mwamvita alikuwa na rekodi tisa. Ya kumi ndiyo ingempa cheti, na cheti ndicho kingemtoa kwenye ndoo na mashuka ya wodini alikokaa miaka kumi na moja. Hospitali yao ya binafsi, hapa Morogoro mjini, ilikuwa imeazima mashine ya kupima usingizi kutoka Dar es Salaam, ikaja pamoja na Daktari Judith wa kuwafundisha watu wawili: Mwamvita, mhudumu wa wodi, na Ignas, kijana wa maabara. Sharti lilikuwa kila mmoja alaze wagonjwa kumi, na kila rekodi itimize masaa sita tangu taa kuzimwa, nyaya zikiwa mwilini. Ijumaa mashine inarudi. Jumatano usiku chumba kilikuwa cha Mwamvita kwa mara ya mwisho.

Kazi yenyewe aliipenda. Unapima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, unatia alama za penseli, unagawa nywele, unasugua ngozi, unabandika waya kwa gundi nzito kama uji. Ignas alikadiria kwa macho. Mwamvita alipima mara mbili, akaandika vipimo kwenye daftari.

Mgonjwa wa Jumatano alikuwa Mzee Mansuri, mkulima wa Mkuyuni. Alikoroma hadi majirani wakajua, kisha pumzi ilikatika kimya, ikarudi kwa kishindo. Aliletwa na mkewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwana wa nani wewe?"

"Wa Bi Chausiku, karibu na gulioni."

"Aa. Basi niko nyumbani."

Alipovua kofia, kichwa kiling'aa. Kilikuwa kimelowa mafuta ya nazi mpaka masikioni, na kwenye mafuta gundi haishiki.

"Bibi, nani kampaka?"

"Ampake nani tena?" alijibu mke wa mzee. "Nimlete hospitali kichwa kimepauka, waseme hana mtu?"

Mwamvita alimwosha mzee kichwa kwa sabuni, akakausha, akabandika. Nyaya zikateleza. Akaosha tena, safari hii akamalizia kwa spiriti, huku mzee akilalamika kwamba hata marehemu haoshwi mara nyingi hivyo. Nyaya zote ziliposhika na taa kuzimwa, ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Mwamvita aliandika saa hiyo kwenye fomu, akaenda kukaa chumba cha pili mbele ya kompyuta.

Usiku kucha aliangalia mistari. Kila pumzi ya mzee ilipokatika, mmoja ulinyooka kama uzi, na yeye akaandika. Saa kumi alipiga hesabu: ikifika kumi na moja na dakika ishirini, amemaliza.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano adhana ililia msikiti wa jirani. Mzee Mansuri akaketi kitandani.

"Mwanangu, nifungue nikatawadhe."

Mwamvita alisimama mlangoni. Ili mzee apake maji kichwani, nyaya lazima zitoke. Alijua alfajiri ina muda wake mpaka jua lichomoze. Lakini kumwambia mtu wa umri wa babu yake, anayemjua mama yake, kwamba sala isubiri mashine?

"Mwanangu?"

"Ndiyo, babu. Nakuja."

Saa kumi na moja kamili alichomoa waya wa mwisho.

Ignas alipoingia asubuhi alisoma fomu, akacheka. "Dada Mwamvita, dakika ishirini tu? Hapa uliandika umezima taa saa tano na ishirini. Weka saa tano kamili. Mashine ilishawashwa muda huo, nani atajua ulikuwa bado unabandika?"

"Nitajua mimi."

"Si wewe unayetoa cheti."

Mwamvita alishika kalamu. Lakini Daktari Judith aliwafundisha kwamba idadi ya pumzi zilizokatika hugawanywa kwa masaa. Ukiongeza muda wa uongo, mgonjwa anaonekana ana nafuu asiyokuwa nayo. Akairudisha kalamu mfukoni.

Mzee Mansuri alikuwa anakunywa chai kwenye benchi la nje, mkewe pembeni. Alitaka kujua mbona binti kanuna. Mwamvita akamweleza.

"Ishirini? Mbona hukusema? Ningesubiri. Au ningetayamamu tu, bila maji, palepale na minyaya yako, mgonjwa ana ruhusa. Kwani madrasa hukusoma?"

"Nilisoma, babu."

"Basi ulisoma umelala. Wewe ndiye wa kupimwa."

Mkewe alicheka mpaka chai ikampalia. Mwamvita naye akacheka, kwa adabu, kisha akaenda kufua mashuka.

Siku ya Ijumaa, Daktari Judith aliziangalia rekodi zote. "Mkono wako ni mzuri kuliko wa mwenzako," alimwambia. "Lakini kumi ni kumi."

"Sitapata nafasi ya kurudia, daktari?"

"Kozi nyingine ikitokea, nitakukumbuka."

Ikapita miezi minne bila kozi. Hospitali ikanunua mashine yake, Ignas akapewa chumba na koti jeupe lenye jina kifuani. Wiki ya pili tu akaja wodini, akasimama kando ya ndoo ya Mwamvita.

"Dada, kuna mama amesuka, halafu hataki mwanaume amfunue kichwa. Njoo unibandikie."

Akaenda. Wiki iliyofuata akaitwa tena, na iliyofuata. Siku moja alipomaliza kubandika aliiona fomu mezani, mahali pa jina la mtaalamu pakiwa wazi.

"Na mimi uniandike hapo," alisema.

Ignas hakuinua macho kwenye simu yake. "Mstari wenyewe ni mmoja tu, dada. Na kesho kuna wawili, wote wamesuka. Uje mapema."

Mwamvita alinawa gundi vidoleni. Wodini kitanda cha saba kilikuwa kimelowa, na zamu yake ilikuwa haijaisha. Kesho yake alikuja mapema.