Ofisi ya Mheshimiwa

Juzi, katika hoteli moja hapa Dubai, wabunge wa nchi zinazozungumza Kifaransa walikutana kujadili utawala wa kidemokrasia. Mlangoni mwa ukumbi, mfanya usafi mmoja, Mkongo, aliegemeza mopu ukutani akamsogelea mbunge wa kwao.

“Jambo, mheshimiwa. Mimi ni wa jimbo lako. Kijiji chetu kimechomwa, watu wamekimbia.”

Mbunge alitazama saa. “Pole sana, ndugu. Andika barua, ipeleke ofisi yangu ya jimboni.”

“Mama yangu analala humo ofisini, mheshimiwa. Yeye na majirani. Walivunja kufuli.”

Mbunge akainyoosha beji yake kifuani, akaingia ukumbini.

Ni ofisi pekee ya mbunge ninayoijua iliyojaa wananchi, na waliingia kwa kuvunja kufuli.