Chuma cha Redio Nyuma ya Jiko

Redio tuliinunua Mbeya, tulipokwenda kuwasalimia wazazi wangu. Karibu na soko alikuwepo fundi aliyekuwa akifufua redio kuukuu na kuziuza. Mimi nilitaka ile kubwa ya kabati la mbao. Fundi akatukatalia waziwazi: ile inakula mawe ya betri kama ng'ombe anavyokula mabua, na mshahara wa mume wangu, karani wa mizani ya chai, hauiwezi. Chukueni hii ndogo, alisema, sura mbaya lakini koo zima. Akamfundisha mume wangu namna ya kuitunza. Mawe yakichoka yaanikwe juani kabla ya kutupwa. Waya wa antena upandishwe mtini, juu kuliko paa. Na waya wa pili ufungwe kwenye chuma, chuma kipigwe ardhini mahali penye unyevu wa kudumu.

"Ardhi kavu ni bubu," alisema. "Tafuta palipolowa."

Mume wangu ni mtu wa kufuata maagizo. Tuliporudi nyumbani, juu kidogo ya Nyololo, aliizunguka nyumba yote akibonyeza udongo kwa kisigino. Alipapata nyuma ya jiko, chini ya upenu, pale matone ya paa yanapodondokea kwa sababu ya ukungu wa huku usiokwisha. Akasimamisha kipande cha nondo, akageuza shoka, akakipiga kwa mgongo wa shoka mpaka kikabaki kichwa tu.

Pale ndipo alipolala mtoto wangu wa kwanza.

Mume wangu hakujua, na hapa ndipo ninapotamani kumng'ata mtu. Kwa watu wa ukoo wake, mtoto anayekufa kabla kitovu hakijadondoka huzikwa na wanawake peke yao, bila tuta wala jiwe, na mwanamume haulizi. Anaambiwa mgeni amerudi alikotoka, basi, anakwenda kazini. Mama mkwe ndiye aliyechimba. Mimi nilikuwa nimelazwa ndani, lakini ukuta ni wa fito na udongo, jembe nililisikia lilipoanza na lilipoacha.

Siku chuma kilipoingia nilikuwa na mtoto wa pili mgongoni, binti, ndiyo kwanza anaota meno. Nilifungua mdomo. Mama mkwe alikuwa akipepeta ulezi pale uani. Alinitazama mara moja, nami nikaufunga. Baadaye jikoni aliniambia kuwa mwanamke anayemwonyesha mwanamume mahali pale hazai tena. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nilijua anachosema hakina maana. Lakini jaribu wewe kukisikia ukiwa umemfunga mgongoni mtoto pekee uliye naye.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu: kile chuma kitoke.

Na redio nayo, kana kwamba inanikomoa, ikasema vizuri kuliko redio zote za huko. Majirani walikuja kila jioni kusikiliza taarifa ya habari, na zaidi matangazo ya vifo, maana mwenye ndugu Mbeya au kule Usangu alijulia misiba humo. Nilikuwa nawapelekea chai huku ile sauti ya kistaarabu inataja marehemu mmoja baada ya mwingine, na waya unatoka ubavuni mwa redio, unapenya tundu la ukutani, unashuka kwa mwanangu.

Jirani mmoja, mpasua mbao, mtu wa maneno, aliuliza ule waya wa chini una kazi gani. Mume wangu akamweleza kuwa redio inavuta nguvu kwenye udongo uliolowa.

"Kumbe inanyonya," jirani akasema. "Ndiyo maana imenenepa sauti."

Walicheka wote. Mimi niliweka birika chini na kutoka nje, kwa sababu ningemmwagia mtu chai.

Kisha mawe yakaanza kuisha haraka. Mume wangu alinishuku mimi, akasema nasikiliza muziki mchana yeye akiwa kazini. Sikuwa mimi. Nilirudi kutoka kisimani alasiri moja, ukungu umeshuka hadi mlangoni, nikamkuta mama mkwe amekaa peke yake mbele ya redio. Hakuwa amefungua stesheni. Alikuwa ameweka mshale katikati, pale panapovuma tu, na sikio lake limegusa kitambaa cha spika. Binti yangu nilikuwa nimemwachia yeye. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni kimya, wala haitazami redio. Anatazama lile tundu la ukutani.

Niliweka ndoo chini, nikazunguka nyuma ya jiko na kukishika kile chuma. Kilikuwa na baridi mpaka kwenye mifupa ya vidole. Sijakivuta hata, mama mkwe akawa amefika na kunidaka mkono.

"Usikichomoe," alisema. "Anapumua."

Nilimwambia aniachie.

"Njoo usikie mwenyewe, mwanangu, halafu ukachomoe."

Nilikwenda. Afadhali nisingekwenda. Redio ilikuwa ikivuma, inatulia, inavuma, inatulia, kwa mwendo wa mtoto mchanga aliyelala mdomo wazi. Shuleni tulifundishwa kwamba mawimbi hupanda na kushuka angani. Nilijikumbusha hayo, na maziwa yakanitoka, yakalowesha gauni. Mama mkwe aliona. Tangu siku ile sikuweza kukigusa chuma, wala kulala bila kukiwaza.

Kiangazi kilipokaza, sauti ikafifia. Mume wangu akaanza kutafuta ubaya uko wapi, kama fundi alivyomfundisha. Alianika mawe juu ya bati, akapanda mtini na kukaza antena, akasugua kutu kwenye maungio. Mwisho akasema ni ardhi imekauka, akaniagiza niwe namwagia pale maji ya chumvi kila asubuhi. Chumvi. Juu ya mtoto wangu. Maji yale niliyamwaga kwenye bustani ya maboga, kila asubuhi, na mtungi nikamrudishia mtupu aone.

Sauti ikazidi kufifia. Jioni moja majirani wamekaa, tangazo la kifo linasomwa, na jina la marehemu halisikiki. Mpasua mbao akataka kujua kama redio imeachishwa ziwa. Mume wangu akainuka, akachukua shoka.

"Nakizamisha tena kidogo," alisema. "Chini zaidi patakuwa na maji."

Tulimfuata nyuma ya jiko, mimi na mama yake, na jirani nyuma yetu. Alipoinua shoka nilisimama juu ya kile kichwa cha chuma, miguu mitupu, mtoto mgongoni.

"Toka hapo, utaumia."

"Ukikipiga unampiga mwanao," nilisema. "Yuko hapa chini. Mama yako alimzika, na wewe ulimpigilia chuma."

Jirani alivua kofia, akarudi kinyumenyume, akaondoka bila kuaga. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Mume wangu alilaza shoka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Akapiga magoti, akakizungusha chuma kwa mikono huku na huku, akakivuta. Kilichukua muda kutoka. Ncha yake nilitaka kuiona, lakini aliiviringisha ndani ya koti lake kabla sijainama.

Mama mkwe alikimbilia ndani. Tulimsikia akizungusha kitufe, anakirudisha, anakizungusha tena. Alipotoka alisimama mlangoni.

"Amenyamaza," alisema, na kunitazama mimi.

Mume wangu hakumsikiliza. Alikuwa bado amepiga magoti, kiganja juu ya tundu lililoachwa na chuma.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Mama mkwe alinitikisia kichwa nisijibu.

"Wa kiume," nilisema. "Ana masikio yako."

"Alilia?"

"Alilia mpaka sauti ikaisha, siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa kwenye mizani yako ya chai."

Nilimfungua binti mgongoni, nikampa amshike. Kisha nikaketi pale pale udongoni, nikamsimulia tangu uchungu ulipoanza, sikumpunguzia neno, na mama yake amesimama ametupa mgongo, haingii ndani.