Mstari wa Tatu

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kiburi cha fizikia ninacho, nakiri. Taa za dashibodi ya gari langu kuukuu zilipoungua, sikumtafuta fundi. Niliamua kuweka taa nne za LED, kila moja na rezista yake ya kupunguza umeme, ili zote zing'ae sawasawa bila kuniumiza macho. Nilipiga hesabu nyuma ya andalio la somo: volti kumi na nne za gari likiunguruma, toa tatu za taa, gawanya kwa mkondo. Rezista iliyokaribiana na jibu langu ni ya omu mia tano sitini, yenye mistari ya kijani, bluu na kahawia: miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri. Rangi hizo nimezifundisha hapa Nyamwaga miaka mingi, tangu serikali iliponileta kutoka Lindi.

Nilizichagua mwenyewe kwenye kopo la fundi redio wa sokoni, ambaye huzinyofoa kwenye redio zilizokufa na kuzichanganya humo kama maharage. Nilichukua nne zinazofanana, nikazichomelea Jumamosi asubuhi, nikawasha gari.

Mbili za kulia ziling'aa vizuri. Mbili za kushoto zilikuwa hafifu.

Sikuelewa. Nilihamisha taa za kulia kushoto na za kushoto kulia, lakini kushoto kukabaki hafifu. Nikakwangua waya, nikavuta mwingine mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Wapi! Rezista sikuzigusa, maana hizo nilikuwa na uhakika nazo. Kufikia mchana nilikuwa nimekaa chini kando ya mlango, karatasi ya hesabu mkononi, na hofu imeniingia kweli. Kama hesabu hii ni ya uongo, watoto wa watu nimewafundisha nini miaka yote hii?

Mita ya shule ya kupimia umeme ilikuwa mbovu, kwa hiyo nililipeleka gari sokoni kwa yule fundi redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Gari imekataa?"

Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha na hesabu. Hakuiangalia. Aliinama kwenye dashibodi, akacheka.

"Umechanganya. Hizi mbili mstari wa tatu ni kahawia. Hizi zingine ni nyekundu."

"Zote ni kahawia, mzee."

"Nyekundu, mura! Kijana, nyekundu kama damu ya ng'ombe!"

Akaziwekea mita. Za kushoto zilikuwa za omu elfu tano na mia sita, mara kumi ya nilichotaka. Nilizipeleka kwenye jua, nikazigeuza, nikafumba jicho moja. Mimi niliona kahawia tupu. Fundi aliacha kucheka. Alitoa nyingine tano kwenye kopo, akaniuliza moja moja. Nilipata mbili.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini hilo halikunipa nafuu yoyote, kwa sababu pale pale nilimkumbuka binti mmoja wa kidato cha pili. Mwaka uliopita, kwenye jaribio la vitendo, aliandika elfu tano na mia sita nami nikampa sifuri. Alinifuata ofisini na rezista mkononi, akasema mstari ule ni mwekundu. Nilimwambia aache ubishi. Alipoingia kidato cha tatu alichagua masomo ya sanaa, na mimi sikuuliza kwa nini.

Jumatatu nilimwita nje ya darasa, nikampa moja ya zile za kushoto.

"Isome."

Aliniangalia kwanza, kama mtu anayetegewa mtego. "Kijani, bluu, nyekundu. Elfu tano na mia sita."

"Mwaka jana ulikuwa sahihi," nilisema. "Mimi ndiye nisiyeiona nyekundu. Nimelijua juzi tu. Nisamehe."

Alinirudishia rezista kwa mikono miwili.

"Asante, mwalimu. Lakini fizikia nilishaiacha."

Akaomba ruhusa arudi ndani, kipindi cha historia kilikuwa kimeshaanza.