Masale Mlangoni kwa Aikande

Watu wa kwetu Old Moshi ni wastaarabu sana. Hatumwiti mtu muuaji mbele yake, hatumpigi mawe, hatuchomi nyumba. Tunamsalimia vizuri, tunamuuliza habari za ng'ombe, halafu tunaitazama mikono yake. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Aikande kwa zaidi ya miaka minne. Nami nilikuwamo, kwa hiyo mtu asidhani naandika haya nikiwa nimekaa upande wa wasafi.

Aikande alikuwa mjane mrefu, mwenye sauti nzito, na hakuna mwanamke aliyepika mbege kama yeye kuanzia kwetu hadi kwenye barabara ya lami. Ulezi aliuotesha mwenyewe, ndizi alizichemsha mwenyewe, na magome ya msesewe ya kuitia pombe uchungu aliyapima kwa kiganja bila kubabaika. Kahawa ilipoacha kulipa na majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, mbege ndiyo iliyomsomesha mwanawe Davis. Aikande mwenyewe alikuwa Mlutheri wa benchi la tatu kushoto, na hakukosa ibada hata akiwa na homa.

Desemba ya mwaka 1993 alipika mbege ya sherehe ya kipaimara nyumbani kwa Efraimu, mfanyabiashara wa Himo. Efraimu alikuwa ameleta kreti za bia za chupa, lakini wazee wa kwetu huwezi kuwaita kwenye sherehe isiyo na mbege. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule, na nilipewa kazi ya kumshikia Aikande ndoo. Kwetu anayegawa mbege huonja kwanza yeye, mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe kata, kile kibuyu cha kunywea. Ni desturi ya zamani ya kuonyesha kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Aikande alichota, akanywa funda moja, akafuta ukingo wa kata kwa kidole gumba, akampa Efraimu. Niliona. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona povu likibaki juu ya mdomo wa Aikande.

Kesho yake saa sita mchana Efraimu alianguka kwenye banda la ng'ombe, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Daktari alisema ni moyo.

Siku ya mazishi, wakati watu wanatupia udongo, kaka yake Filemon alisema, "Yule mama hakuonja." Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa. Kabla ya jioni habari ilikuwa imeshashuka hadi Shirimatunda.

Siku mbili baadaye Filemon akaja kwangu. Alikuwa mzee wa kanisa, na mume wangu alikuwa dereva wa pikapu yake.

"Shemeji Gladness," akasema, "wewe ndiye uliyeshika ndoo. Ulimwona akionja?"

Hakunitisha. Angenitisha labda ningepata hasira nikasema kweli. Alinitazama tu kwa upole, macho mekundu kwa kilio, na mimi nikasema, "Sikuangalia, shemeji."

Basi. Ndiyo dhambi yangu yote, maneno mawili, na yalinitoka kirahisi kuliko salamu.

Baada ya hapo mambo yakawa ya ajabu, na ajabu yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Kanisani benchi la tatu kushoto likawa la Aikande peke yake, ingawa watu walijazana hadi mlangoni. Akiingia kwenye kilio, mazungumzo hayakukatika. Yaliendelea, ila kila mtu alikuwa ameshaweka kikombe chake chini. Hakuna aliyemwagiza tena mbege. Watoto waliokuwa wakicheza njiani walinyamaza akipita, wakasimama wamejipanga, mikono nyuma. Hakuna aliyewafundisha. Nilimwona binti wa miaka minne, hata kusema hajui sawasawa, akificha mikono yake nyuma.

Ndipo wazee wakaitisha kikao. Mzee Jacob, aliyekiongoza, alimwambia Aikande dawa ni rahisi. Abebe isale na mtungi wa mbege, ampelekee Lukresia, mjane wa Efraimu. Kwetu isale ni jani la kuombea msamaha. Mkosaji akikuletea na kukiri kosa lake huwezi kumkataa, hata kama amemwaga damu. Mchungaji naye alikuwepo, akaunga mkono, kwa ajili ya amani ya usharika.

Aikande aliwasikiliza hadi mwisho, akasimama.

"Mzee Jacob, isale hubebwa na mwenye kosa. Nikilibeba nimesema niliua. Mungu hadanganywi kwa jani, mchungaji, kama asivyodanganywa kwa mdomo."

"Mama Davis, tunataka kukusaidia," Mzee Jacob akasema. "Ukikataa utakaa peke yako."

"Nitakaa. Kwaheri, mzee." Akajifunga khanga, akaondoka.

Nilimchukia siku ile. Nasema wazi. Kama angekubali, mambo yangekwisha, nami ningelala. Ukaidi wake ndio ulioufanya uongo wangu uendelee kuishi, ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia hivyo mara nyingi sana.

Masale yakaanza kuonekana mlangoni kwake mwaka uliofuata. Asubuhi Aikande anarudi kutoka bondeni kukata majani ya ng'ombe, anakuta bua la isale limelazwa kizingitini, majani yakielekea ndani. Hakuyagusa. Hakuyatupa, hakuyachoma, aliyaruka tu na kuingia. Na isale ni mmea usiokubali kufa. Ukilitupa kwenye matope linaota. Mvua zikanyesha, mabua yakashika udongo pale pale yalipolala, yakasimama. Mengine yakaongezeka. Watu wakasema ni Efraimu, anamletea jani alilokataa kulibeba ili alichukue. Wengine waliapa wameona nyayo zake, kiatu kimoja kizima na kimoja kilichokatika soli. Nilikuwa naitikia, "Jamani!" na kushika shavu kama wenzangu.

Lakini mimi nilijua si Efraimu, kwa sababu bua la kwanza nililiweka mimi.

Nilitaka kusamehewa bila kusema. Nilifikiri nikilaza isale na kukimbia, Mungu atahesabu kwamba nimelipeleka, na mume wangu hatapoteza kazi. Baada ya miezi moyo ukawa mzito vilevile, nikapeleka la pili. Mwaka 1996 la tatu, mwaka 1997 la nne. Sikuwahi kusimama pale zaidi ya kufumba na kufumbua, na sikuwahi kutazama kando. Niliposikia yameongezeka niliamini ni yale yangu yanazaana.

Mvua kubwa za mwaka ule zilipopungua, mwanzoni mwa 1998, nikaenda na la tano. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa migomba, na nyumba ya Aikande sikuiona hadi nilipoifikia. Nilichokiona kwanza ni ukuta wa kijani, mrefu kunizidi. Masale yalikuwa yameuzingira mlango, yamebakiza upenyo wa mtu kupita ubavu. Ndani ya nyumba mwanga wenyewe ulikuwa wa kijani. Kwetu masale hupandwa mipakani na makaburini, na pale sikujua natazama kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa mara ya kwanza nikatazama chini. Masale yaliyoota kutoka shina moja unayajua, yamekumbatiana. Haya yalikuwa yamesimama mbalimbali, kila moja na mahali pake, kila moja lililazwa na mkono wake. Nikahesabu. Yalikuwa thelathini na tano.

Yangu yalikuwa manne.

Nilihesabu tena. Thelathini na moja hayakuwa yangu. Kuna watu, tena wengi, waliokuwa wameona lile funda pale kwenye sherehe kama nilivyoona mimi. Walikuwa wakija hapa mmoja mmoja na kukimbia, halafu Jumapili tunaimba pamoja.

"Hilo la tano utaliweka wapi, Gladness? Nafasi imekwisha."

Aikande alikuwa nyuma yangu, mzigo wa majani kichwani. Nilipiga magoti kwenye matope bila kupanga.

"Mama, ulijua ni mimi?"

"Nawajua karibu wote. Miguu yenu naisikia tangu bondeni."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mnaniletea jani, hamniletei kosa. Nitasamehe kitu gani?" Akatua mzigo. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Haya, umekutwa. Sema."

Nikasema. Kwamba nilimwona akionja, kwamba Filemon aliniuliza, kwamba niliogopa. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu. Alinyosha mkono, akanipokea isale.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini uongo hukuusema kwangu. Ukaiseme kweli kule ulikousema uongo."

Jumapili ile kanisani, baada ya matangazo, nilisimama mbele ya Filemon na usharika wote. Mume wangu alinivuta gauni; nikaliachia likachanika. Nikasema, "Mimi nilishika ndoo kwa Efraimu. Mama Davis alionja. Nilimwona, na nikasema sikuangalia." Nikaketi.

Mchungaji alishika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Vichwa vikaanza kuinama, kimoja hapa, kimoja pale. Mzee Jacob. Wanawake wawili wa kwaya. Lukresia mwenyewe, mjane. Filemon alishika ukingo wa benchi kama anayetaka kuinuka, kisha akauachia. Niliacha kuhesabu nilipofika ishirini.

Aikande akasimama kwenye benchi lake tupu, akatugeukia.

"Aika, mwanangu," akanishukuru. Kisha akatutazama wote. "Mungu ananijua, na hilo lilinitosha nikiwa na njaa na nikiwa mgonjwa. Jina langu si kitu kikubwa kwake. Ila ninyi nawasubiri."

Alisubiri akiwa amesimama. Tuliketi pale zaidi ya watu mia mbili, na hakuna aliyeinuka, hadi miguu ilipomchosha akakaa.

Mume wangu alifukuzwa kazi jioni ile ile. Asubuhi nilikwenda kwa Aikande kumsaidia ng'ombe, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Upenyo wa mlangoni haukuwepo tena. Ulikuwa umejazwa mabua mapya ya isale, yamelazwa usiku na wale walioshindwa kuinuka kanisani, moja juu ya jingine hadi kiunoni, maji yakichuruzika bado pale yalipokatwa, na yeye, asiyeyagusa kamwe, alikuwa ndani, akingoja mtu wa kumtoa.